Kisanduku Nilichompa Mukwe Wangu

Blanchard ana domo na mimi nina hasira, ndiyo maana karakana yetu ya Kapata haikosi kelele. Tunatengeneza simu, redio, chochote chenye waya, ndani ya nyumba moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi ambayo paa lake linavuja upande wa Blanchard tu. Siku ile tuligombana juu ya jambo ambalo majirani wangelisikia wangesema tumerogwa. Tuligombana juu ya namna kisanduku kitakavyoandika mambo yake.

Kisanduku hicho nilikuwa namtengenezea mama mkwe wangu, Mama Ntumba. Alikuwa na pampu upande wa Mutoshi, kwenye shimo ambalo mwanawe Louis, shemeji yangu, alikuwa anachimba na wenzake. Mwanamke hasogelei mdomo wa shimo, wanasema madini yatakimbia, basi yeye alikaa pembeni kidogo chini ya turubai na kuangalia pampu. Kazi ya kisanduku ilikuwa nyepesi. Waya unashuka shimoni, maji yakifika kiwango kilichowekwa, kisanduku kinawasha pampu. Maji yakizidi kupanda, kinalia honi ili watu watoke. Kiwango unakibadilisha kwa vifungo viwili. Siku ya jua unakiweka juu, usichome petroli bure. Mvua ikinyesha unakishusha, kwa sababu njia ambamo Louis na wenzake wanatambaa iko chini sana, na maji yakiingia mle ukuta unalainika.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ulikuja tulipofika kwenye swali hili: mtu akishabadilisha kiwango, kihifadhiwe vipi ili umeme ukizimika kisipotee? Mifumo ya kuhifadhi mafaili ni mingi, na juu ya meza yangu ilikuwa miwili. Wa kwanza hauchoshi chipu. Badiliko unalishika kwanza kichwani, kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu, unangoja kama muda wa chai kuchemka, ndipo unaliandika kwenye chipu pamoja na mengine yaliyojikusanya. Wa pili haungoji. Kila badiliko unaliandika papo hapo, kando ya lile la zamani, na la zamani haliguswi mpaka jipya likamilike. Huo wa pili ndio salama, lakini unakula chipu, maana chipu inachakaa kwa kuandikwa kama kitenge kinavyochakaa kwa kufuliwa.

"Weka ya pili," Blanchard akasema. "Kule banazima groupe ovyo ovyo."

Groupe ndiyo jenereta, sisi tunaiita hivyo.

"Hii chipu nimeitoa mu modem ya kufwa," nikamjibu. "Iko muzee. Nikiweka ya pili, haitaona mwaka."

"Basi tafuta chipu mupya."

"Wapi? Hapa Kolwezi?"

"Ku Lubumbashi."

"Mama ananingojea juma hii. Weye, Blanchard, haujue bukwe."

Kweli hakujua, ni kapera yule. Mimi wazee wangu ni Baluba wa kaskazini mwa Katanga, mke wangu Mbelu ni wa Kasai. Watu wetu wanaweza kutukanana kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, lakini kwenye bukwe, yaani mambo ya ukwe, tunaelewana bila mkalimani. Mama mkwe humtazami usoni, naye hakutazami. Jina lako halitamki, anakuita mukwe basi, na wewe vilevile. Neno lenu linapita kwa mtu wa katikati. Na kitu unachompa lazima kiwe kizima. Humpelekei mbuzi mwenye kuchechemea, humpelekei kitambaa chenye doa. Zawadi ya mukwe haina "lakini".

Sasa fikiria chipu inamfia mikononi mbele ya wachimbaji wote, watu wanasema, tazama kitu alicholetewa na mukwe wake. Nilikuwa naogopa hilo kuliko mengine yote. Nikaweka mfumo wa kwanza. Blanchard akanung'unika, akarudi kukinga matone yake kwa ndoo.

Tulikipeleka siku ya jua kali. Nilifunga waya, nikajaribu pampu, nikageuza mgongo. Mama Ntumba alijifunika kichwa kwa kitenge na kutazama upande mwingine. Mbelu alisimama katikati yetu, na alikuwa anafurahi kweli, kwa sababu mumewe ameleta kitu ambacho hakuna mkwe mwingine amewahi kuleta.

"Ulizia mukwe," Mama Ntumba akasema. "Nikizima groupe, kile kisanduku hakitasahau kiwango niliweka?"

Mbelu akanigeukia. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Hakitasahau, lakini ukishabadilisha, ngoja kidogo kabla ya kuzima. Sentensi moja tu. Ila ile "lakini" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwambie hakitasahau," nikasema.

Mama Ntumba akapiga kigelegele kidogo, cha mtu mzima. Louis alikuwa ametoka shimoni, mwili mzima vumbi jekundu, akanipiga bega. "Shemeji, weye ni mwanaume," akaniambia. Nikatembea kama jogoo mpaka kwenye moto ya Blanchard, pikipiki yake.

Halafu mvua zikaanza, na shimo moja la upande wa pili, si letu, likaporomoka na kuzika watu. Baada ya mazishi ikaja amri kwamba wachimbaji wote waondoke. Magari yalipita na vipaza sauti, soda, yaani wanajeshi, wakavunja mabanda ya turubai, watu wakaonekana barabarani na magodoro kichwani. Wengine walipata nafasi ya kukumbusha maneno ya zamani, kwamba wa Kasai warudi Kasai. Mama Ntumba alishayasikia. Mwaka wa 1992, angali binti wa juzi kuolewa, walimpakia kwenye treni ya kuwafukuza wa Kasai na sufuria mbili, na akarudi. "Safari hii siku ya kwenda nitaichagua miye," alimwambia Mbelu.

Kwa hiyo hawakutoka, walijificha. Waliweka watu wa kulinda njia. Soda wakionekana, filimbi inalia, na kitu cha kwanza ni kuzima groupe, kwa sababu mlio wake ndio unaowachongea. Walio chini wanakaa kimya mlemle mpaka soda wapite. Filimbi ikilia hakuna anayengoja chai ichemke.

Mnaniuliza kama nilijua? Nilijua. Mbelu alinisimulia habari za filimbi tukiwa tunakula, anacheka namna mama yake anavyorukia groupe kama paka, na mimi nilicheka naye. Nikajiambia, Jumapili nitakwenda, nitasema nakuja kusafisha waya, nitabadilisha mfumo kimyakimya na hakuna atakayejua. Jumapili ikanyesha. Nikalala.

Katikati ya juma lile, mchana, Mbelu alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, na kuzungumza huku mwiko unakwenda.

"Mama alinipigia. Kule mvula ilianza asubuhi mubaya sana. Akashusha kiwango sawa vile ulimufundisha. Pale pale filimbi, akazima groupe. Sasa basoda balishaenda, amewasha. Ba Louis beko chini, banatoa mifuko ya mwisho. Kesho banatoka kabisa."

"Kisha kushusha, alingoja kidogo mbele ya kuzima?"

"Angojee nini? Angojee basoda?"

Nikajua kilichotokea. Kisanduku kilipowashwa tena hakikukuta badiliko lolote kwenye chipu. Kilikuta kiwango cha siku ya jua, kikakishika hicho. Pampu haitawaka mpaka maji yawe yameshaingia kwenye njia. Honi nayo itangoja zaidi.

Nikampigia Louis. Simu yake haikupatikana, na itapatikanaje chini ya ardhi.

"Pigia mama," nikamwambia Mbelu. "Aangalie kiwango. Kama kiko juu, ashushe tena."

Mbelu akaacha mwiko. "Juu ya nini? Kimeharibika?"

"Hapana. Ni kuangalia tu."

Hiyo "tu" naichukia mpaka leo. Kwa nini sikusema, toeni watu shimoni, kisanduku kinadanganya? Maneno hayo ni mepesi, mtoto anayajua. Lakini yangepita kwa mke wangu, yaingie kwa mama yake, na siku hiyohiyo kila mtu angejua kwamba nilimpa mukwe mbuzi kiwete. Nilidhani kuna njia ya kumwokoa Louis na uso wangu ubaki.

Mbelu alipiga, akaweka sauti ya juu. Nilisikia mvua inapiga turubai kule, na Mama Ntumba juu yake.

"Mwambie mukwe asihangaike. Yeye alisema hakitasahau. Nikianza kukichungulia-chungulia, itakuwa sawa namufanya muongo mbele ya batu." Akakata.

Kwa heshima yangu, hakutazama. Kioo cha kisanduku, kinachoonyesha kiwango, kilikuwa mbele ya magoti yake, angeinamisha shingo tu.

Nilichukua moto ya Blanchard bila kumwomba. Njia ya Mutoshi ilikuwa imejaa watu wanaotoka, wanawake na mabeseni, mzee amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni, na soda mmoja kijana akanisimamisha na kusema huko hakuendeki tena. Nikamwambia nina mtu shimoni. Akasema kila mtu ana mtu shimoni. Nikaiacha moto palepale matopeni, nikazunguka nyuma ya lundo la mchanga wa mgodi, nikakimbia. Nilianguka, nikainuka, nikaanza kuomba kwa sauti, na nilichoomba, Mungu anisamehe, kwanza kilikuwa asijue mtu. Halafu ndipo nikamkumbuka Louis.

Nilipofika groupe ilikuwa inanguruma, pampu kimya. Mama Ntumba aliponiona alivuta kitenge kichwani na kugeuka upande, kama kawaida. Nilipita karibu yake kuliko inavyoruhusiwa, nikabonyeza vifungo, pampu ikakohoa na kuwaka. Kioo kilikuwa kimeonyesha kile kile nilichokiogopa. Nikamwita Kabeya, aliyekuwa anashika kamba mdomoni mwa shimo.

"Kabeya, bapandishe. Bote. Sasa."

Kabeya hakuuliza. Alitikisa kamba, akavuta. Akatoka wa kwanza, tope mpaka kwenye kope. Akatoka wa pili, anatapika maji. Huyo wa pili akasema ukuta umeanguka katikati ya njia, na Louis alikuwa nyuma yake.

Mama Ntumba alisikia. Alikuwa bado amegeuka, amefunikwa, na akauliza hewani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpitishia neno:

"Kisanduku hakikulia. Juu ya nini hakikulia?"

Nikamtafuta Mbelu kwa macho. Mazoea ni kitu kibaya.

"Mama," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia neno kwa kinywa changu. "Kilisahau. Nilijua kinaweza kusahau. Sikukwambia."

Kitenge kikashuka mabegani. Akageuka, akanitazama machoni. Kumbe Louis alikuwa na macho yake.

Filimbi ililia tena na hakuna aliyezima kitu. Soda walipofika walikuta wanaume wanachimba kwa mikono, na wawili kati yao wakaweka bunduki chini wakashuka nao, hilo nalo lazima lisemwe. Louis walimpata jua likielekea kuzama. Kisha watu wote wakaondolewa pale, pamoja na maiti.

Kilio kilikaa kwa jirani yetu, kwa sababu mama mkwe hawezi kulala chini ya paa langu. Watu walikuja wengi, wa Kasai na wenyeji, wakakaa kwenye mikeka, na wote waliimba neno moja. Soda ndio waliomuua, wangewaacha watu wafanye kazi yao, pasingekuwa filimbi, pasingekuwa kifo. Mchungaji naye akasema hivyo, kwa lugha ya mchungaji. Nami walinishika mikono. Mama mmoja alilia begani kwangu akisema bila mimi kukimbia kwenye mvua, wale wawili wasingetoka. Mbelu alikuwa anawaambia wageni, macho yamevimba, "Bwana yangu njo alibatosha ku shimo." Niliyapokea yote hayo, nikayameza. Nikitaka kusema, namwona Mama Ntumba kwenye kona amejifunika tena, kimya, nami najidanganya kwamba ananificha, kwamba ameamua kunisitiri kama mukwe anavyositiriwa. Na mwenye kusitiriwa, nikajiambia, hajifunui mwenyewe.

Blanchard alikuja kila siku. Alileta kuni, akachota maji, akatengeneza taa ya kilioni. Yeye mwenye domo hakusema neno hata moja kwangu. Ningependa anitukane.

Tulipoondoa kilio, Mama Ntumba akatuma habari kwamba lori la Mwene-Ditu, huko Kasai, linaondoka, na yeye anaondoka nalo, ila kwanza atapita kwetu kuaga. Mbelu akafagia uwanja, akaweka kiti chini ya ukuta wa nje, mahali pake pa siku zote, mimi nikajiandaa kukaa ndani nisionekane.

Hakukaa kwenye kiti. Aliingia ndani. Kitenge kilikuwa kiunoni, kichwa wazi, nywele zimenyolewa za msiba.

"Mbelu, pika bukari," akasema. "Leta sahani moja."

Mbelu akadhani hajasikia vizuri, akaleta mbili. Mama Ntumba akaiondoa moja kwa mkono wake. Akakaa kwenye meza yangu, upande wa pili, uso kwa uso nami, akanawa.

"Mukalay," akasema. "Kuya tule."

Jina langu. Miaka yote ile halijawahi kutoka kinywani mwake. Labda wewe usiye wa kwetu utaona ni mapenzi, mama amemsamehe kijana, wanakula pamoja. Hapana. Kuna namna ya kuufungua mwiko ule, kuna mbuzi, kuna wazee, kuna siku yake. Bila hayo, mama mkwe hali sahani moja na mukwe mpaka anakufa. Anayekula naye hivi ni mpita njia, ni jirani wa sokoni, ni mtu yeyote.

Mbelu alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa. Alielewa mara moja, nilimwona akielewa.

"Mama, munafanya nini?"

"Niko nakula na huyu mutu."

"Ni mukwe yenu."

"Alikuwa," Mama Ntumba akasema. Hakuwa na hasira, na mimi ninayeishi kwa hasira ningejua la kufanya na hasira. "Nilinyamaza pa kilio juu Louis azikwe bila makelele. Sasa alishazikwa. Ukitaka kujua, muulize. Iko na mudomo, mi niliusikia kule ku shimo."

Mbelu akaweka beseni chini. "Ulifanya nini, Mukalay?"

Nikaanza na chipu ya modem. Nilieleza mfumo wa kwanza na wa pili, nikaeleza alichosema Blanchard, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo, linaeleweka hata na mtu asiyejua waya. Mama Ntumba alikuwa anakata tonge, anachovya, anatafuna polepole. Nilipofika kwenye Jumapili niliyolala, mkono wake ulisimama kidogo juu ya sahani, halafu ukaendelea. Nilipofika kwenye ile simu, kwenye "kuangalia tu", Mbelu akainua kiganja nisiendelee. Alikuwa ameshika simu ile mwenyewe, akaweka sauti ya juu mwenyewe.

Aliingia chumbani. Nikasikia anavuta sanduku la nguo kutoka chini ya kitanda, na kifuniko kinafunguka.

Nikataka kuinuka. Mama Ntumba akanisogezea kipande cha samaki upande wangu wa sahani, kizuri, cha tumboni, kama anavyosogezewa mgeni ambaye hamtaonana tena.

"Kula, Mukalay," akasema. "Bukari inapoa."